Mwale Usioonekana: Sehemu ya Kwanza

1

"Usiende, shoga yangu. Kule Ocean Road wanachoma watu."

Maneno hayo yalisemwa kwa sauti ya chini ndani ya duka la vitenge, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Nje, wamachinga walikuwa wanashindana kutaja bei, na msukuma mkokoteni alikuwa anapiga kelele apishwe njia.

Mama mwenye duka hakujibu. Alikunja kitenge alichokuwa amemfunulia mteja, akakirudisha kwenye rafu, kisha akautazama mkoba wake.

Ndani ya mkoba mna karatasi ya rufaa. Juu ya karatasi hiyo pameandikwa ugonjwa wake: saratani ya mlango wa kizazi.

Jina lake sikutajii, msomaji wangu. Mama huyu ni wengi katika mmoja, nimewakusanya ndani ya dera moja ili uwaone. Yeye na wanaomzunguka nimewatunga.

Lakini wanasayansi utakaokutana nao leo waliishi kweli, na yote yaliyowapata yaliwapata kweli. Shika hilo, litakusaidia mbele ya safari.

"Nani amekwambia wanachoma?" mama aliuliza hatimaye.

"Mjini hapa nani hajui? Unalazwa chumbani peke yako, mlango unafungwa, mashine inakupiga. Ngozi inakuwa nyeusi! Bora nikupeleke kwa babu mmoja wa mizizi, yuko Mbagala."

Haya. Wewe ungekuwa mama huyu ungefanyaje? Ungeshika njia ya baharini au ya Mbagala?

Usijibu haraka. Ninayo siri, na nakupa sasa hivi ili tusifichane: shoga hajasema uongo.

Mionzi inachoma kweli. Na aliyetuthibitishia hilo hakuwa mtu wa kijiweni. Alikuwa profesa wa fizikia mjini Paris, aliyekunja shati lake na kuuacha mkono wake uchomwe, makusudi, kwa saa 10.

Mtu mwenye akili zake timamu anajifanyia hivyo kwa nini?

2

Tutafika kwa profesa. Kwanza njoo tulione jengo.

Kutoka Kariakoo, pita Mnazi Mmoja, kata katikati ya mji uelekee baharini. Ukishaipita Ikulu, upepo wa bahari ukianza kukupiga usoni, utaziona kuta nyeupe za zamani. Hapo ndipo Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1895, wakalimaliza mwaka 1897. Robert Koch mwenyewe, yule mgunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu, alifanya utafiti wake Dar es Salaam miaka hiyo ya 1897 na 1898.

Hospitali hiyo ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika wa mji huu alikuwa na hospitali nyingine, iliyotokana na fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo. Ndiyo mzizi wa Muhimbili ya leo.

Kwa hiyo bibi wa mama yetu, kama angeugua zama hizo, asingevuka kizingiti cha Ocean Road. Mjukuu wake leo ana karatasi inayomwita aingie. Kumbuka hilo akianza kusitasita.

Sasa rudi kwenye ule mwaka 1895. Mafundi wanapanga mawe Dar es Salaam. Huko Würzburg, Ujerumani, jioni ya tarehe 8 Novemba, mwanafizikia Wilhelm Röntgen yuko gizani na bomba la kioo alilolipitishia umeme.

Bomba amelifunika kwa kadibodi nyeusi, hakuna mwanga unaoweza kupenya. Lakini pembeni, ubao uliopakwa kemikali unang'aa!

Kitu gani kimetoka bombani, kikapenya kadibodi, kikavuka hewa na kuuwasha ubao ule?

Hakukijua, akakiita mionzi X. Tarehe 22 Desemba alimwita mkewe, Anna Bertha, akauweka mkono wake mbele ya mionzi ile. Picha ikatoka: mifupa mitupu, na pete ikining'inia kwenye kidole.

Dunia ilishangilia. Na katika shangwe ile ni wachache waliouliza swali moja dogo: mwale unaopita ndani ya nyama unaiachaje nyama hiyo?

Mwaka uliofuata, 1896, Henri Becquerel wa Paris aligundua kwamba chumvi za urani hutoa mionzi zenyewe, bila umeme wala bomba. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre wakatangaza elementi mpya yenye mionzi mikali kuliko urani mara nyingi mno. Wakaiita radiamu.

Mwaka 1901 Becquerel alitia kijichupa chenye radiamu kidogo mfukoni mwa kizibao chake, akaenda nacho. Hakusikia maumivu, hakusikia joto, hakusikia lolote.

Siku zikapita. Halafu, juu ya ngozi, palepale mkabala na mfuko, ikatokea alama nyekundu. Alama ikageuka kidonda.

Pierre Curie alipozisikia habari za kuungua kwa namna hiyo, mwenzangu, hakukimbia. Alitaka kuhakikisha. Akakunja shati.

3

Saa 10. Huo ndio muda Pierre alioiacha radiamu juu ya mkono wake, tena radiamu isiyo kali sana.

Alipoiondoa, ngozi ilikuwa nyekundu, sehemu yenye ukubwa wa sentimita 6 za mraba. Ukiitazama ungesema amejiunguza kidogo jikoni. Haikumuuma sana.

Mtu wa kawaida angepaka mafuta akasahau. Pierre alichukua kalamu.

Siku zikaenda. Wekundu haukutanuka, lakini ulizidi kukolea.

Siku ya 20, magamba. Chini ya magamba, kidonda. Akakifunga bendeji.

Siku ya 30 kidonda kipo. Siku ya 40 kipo. Umewahi kuona kidonda cha jikoni kinakaa hivyo?

Siku ya 42 ngozi mpya ikaanza kujijenga, ikitoka kingoni kwenda katikati. Siku ya 52 bado kulikuwa na kidonda cha sentimita 1 ya mraba, rangi ya kijivu, dalili kwamba mwale uliingia ndani kuliko ilivyoonekana kwa nje.

Yeye na Becquerel waliyaandika yote hayo katika taarifa ya pamoja mwaka huohuo wa 1901.

Sasa sogea karibu, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Kama mwale huu unaweza kuiua nyama nzima taratibu, mtu asijue, utafanya nini ukikutana na nyama mbovu? Nyama inayokua ovyo, isiyosikia dawa, isiyokatika kwa kisu?

Pierre aliazimisha radiamu kwa daktari Henri-Alexandre Danlos wa hospitali ya Saint-Louis, Paris. Danlos akaijaribu kwenye vidonda sugu vya ngozi, na mwale ukaonyesha kwamba unaweza kutibu.

Mwaka 1903, New York, daktari mwanamke aitwaye Margaret Cleaves alichukua radiamu akaipeleka pale ambapo kisu kilikuwa kimeshindwa. Unajua alimtibu nani?

Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi.

Ndiyo. Ugonjwa uleule ulioandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya mkoba, Mtaa wa Kongo. Ni miongoni mwa saratani za kwanza kabisa za ndani ya mwili ambazo binadamu alithubutu kuzikabili kwa mwale huu.

Basi mama yetu aende mbio! Au siyo?

Ngoja. Bado sijakwambia habari za Clarence Dally.

4

Dally alikuwa msaidizi wa Thomas Edison, yule wa taa za umeme, huko Marekani. Kazi yake ilikuwa kujaribu mabomba ya eksirei, yaani ile mionzi X ya Röntgen, na njia ya kujaribu ilikuwa rahisi: weka mkono wako mbele, uangalie kama mifupa inaonekana vizuri.

Kila siku mkono mbele. Kila siku mifupa inaonekana vizuri.

Nywele zikaanza kudondoka. Mikono ikavimba, ikachubuka, vidonda vikakataa kupona. Kisha ikaja saratani.

Madaktari walimkata mkono mmoja. Ugonjwa ukaendelea. Wakamkata wa pili. Mwaka 1904 Dally akafariki dunia. Edison alikuwa ameshaachana na utafiti wa eksirei.

Umeona tulipofika? Mwaka 1903 mwale unatibu saratani New York. Mwaka 1904 mwale wa jamii hiyohiyo umemuua mtu kwa saratani, nchi hiyohiyo.

Shoga anasema unachoma. Daktari anasema unaponya. Wote wawili wana ushahidi!

Na mama yetu? Kafika. Ndiyo, kafika Ocean Road. Usiku mzima hakulala, alfajiri akajitanda khanga akasema na liwe liwalo. Yuko kwenye benchi, chupa ya maji mkononi, maana ameambiwa anywe kibofu kijae kabla ya kuingia.

Jana yake walimpima kwa mashine ya picha, wakamchora alama za wino kiunoni, wakamwambia asizifute akioga.

Anakuja kijana wa tiba ya mionzi, koti jeupe. Kifuani amebandika kijibati kidogo. Kijibati hicho hupima mionzi inayomfikia yeye mwenyewe kazini. Sheria inataka hivyo, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ndiyo yenye jukumu la kusimamia. Dally hakuwa nacho.

"Mama, matibabu yako ni siku 25. Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5. Baada ya hapo kuna ya ndani."

"Siku 25! Mwanangu, duka nimemwachia mtoto. Kwa nini msinipige mara moja yakaisha?"

Swali hilo, msomaji wangu, liliwahangaisha wataalamu wa Ulaya kwa miaka mingi. Jibu lake lilikuja kwa msaada wa panya, kondoo dume, na mkono mmoja uliokatwa.

Simu ya mama ikaita. Ni mteja wake kutoka Likasi, Kongo, yule anayebeba vitenge kwa mabalo. "Mama, nipo safarini nakuja Dar. Dukani upo?"

"Nitakupigia," mama akakata. Huyu mteja tumweke kando. Ila usimsahau.

5

Tuanze na panya. Mjini Bordeaux, Ufaransa, Jean Bergonié na Louis Tribondeau walikuwa wanapiga korodani za panya kwa mionzi, kisha wanazichunguza kwa hadubini.

Kwa nini korodani? Kwa sababu humo mna seli za aina mbili jirani. Nyingine zinagawanyika usiku na mchana kutengeneza mbegu, nyingine zimetulia tu.

Wakaona ajabu. Zilizokuwa zinagawanyika zilikufa. Zilizotulia, zilizopigwa mwale uleule kwa muda uleule, zilibaki hai!

Mwaka 1906 wakaitangaza kanuni yao: kadiri seli inavyogawanyika kwa kasi, na kadiri isivyokomaa kwa kazi maalumu, ndivyo mionzi inavyoiumiza zaidi.

Na saratani ni nini kama si seli zilizokataa kuacha kugawanyika?

Hapo ndipo palipopatikana upenyo. Mwale hauchagui, lakini seli ya saratani haina pa kujificha kwa sababu haitulii.

Bergonié aliilipia elimu hiyo. Miaka ya kushinda kwenye mionzi ilimletea saratani. Mwaka 1922 alikatwa mkono wa kulia, na mwanzoni mwa 1925 akafa.

Lakini upenyo peke yake haukutosha. Ukipiga sana mara moja, uvimbe unakufa na ngozi ya juu inaoza. Ukipiga kidogo, ngozi inapona na uvimbe nao unapona. Utafanyaje?

Claudius Regaud, wa Taasisi ya Radiamu mjini Paris, akamleta kondoo dume.

Alitaka kumfanya kondoo tasa kwa mionzi. Alipojaribu kwa dozi moja kubwa, ngozi ya mfuko wa korodani iliungua vibaya.

Alipoigawa dozi vipande vipande kwa siku kadhaa, kondoo akawa tasa na ngozi yake ikabaki salama.

Soma tena mistari hiyo miwili. Ndani yake mna jibu la mama yetu.

Seli nzima ikijeruhiwa kidogo leo, usiku hujirekebisha. Seli ya saratani hufanya kazi hiyo vibaya. Kesho ukiipiga tena, nzima imeshajishona, mbovu bado inavuja. Keshokutwa tena. Mpaka mbovu inashindwa kusimama.

Ndiyo maana mgonjwa anayekatiza siku zake, akaenda kwanza msibani, akaenda kwanza kuangalia duka, anaipa saratani nafasi ya kupumua. Siku 25 ni 25. Nakusihi, kama una ndugu yako kwenye matibabu hayo, msimamie azimalize.

Sasa jambo moja bado linanikera, na nataka likukere na wewe. Vipande hivyo ni vya kiasi gani? Pierre hakuwa na namba ya kuandika kwenye daftari lake zaidi ya saa na siku. Dozi ya mwale usioonekana, usio na harufu, usio na joto, unaipimaje?

6

Mwaka 1933, kijana mwanafizikia wa Cambridge aliacha maabara maarufu ya Cavendish, kulikokuwa kunapasuliwa atomu, akaenda kufanya kazi kwenye hospitali ya saratani, Mount Vernon, nje kidogo ya London. Jina lake Louis Harold Gray.

Gray alitaka kujua kitu kimoja: nyama ya mtu inameza nishati kiasi gani mwale unapoipita?

Kazi hiyo ndiyo iliyotupa kipimo kinachobeba jina lake. Gray 1 ni jouli 1 ya nishati iliyomezwa na kilo 1 ya mwili. Dunia ilikikubali rasmi mwaka 1975, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipolifungua jengo jipya la soko la Kariakoo, lile lililochorwa na Beda Amuli.

Sasa shika kiti. Mtu mzima akipigwa gray 4 mwili mzima kwa mara moja, bila matibabu, uwezekano wa kufa ni kama nusu kwa nusu.

Unajua nishati hiyo yote, ukiigeuza kuwa joto, ni kubwa kiasi gani? Ni ndogo kuliko ile unayoimeza kwenye kijiko kimoja cha chai ya moto.

Kijiko kimoja! Kinawezaje kumuua mtu mwenye kilo 70?

Kwa sababu mwale hauji kupasha joto. Unakuja kukata. Ndani ya kila seli mna uzi mwembamba wa vinasaba ulioandikwa namna ya kuishi na kugawanyika, na mwale unaurarua uzi huo, pengine pande zote mbili kwa pamoja. Seli haijui kwamba imeshakufa mpaka siku inapojaribu kugawanyika.

Sasa umeelewa kwa nini Becquerel hakusikia kitu mfukoni? Kwa nini kidonda kilichelewa siku nyingi? Kifo kilikuwa kimeshaandikwa, kilikuwa kinasubiri zamu.

Na ndiyo maana Ocean Road kuna wanafizikia. Kabla mama hajalala kitandani, kuna mtu ameketi na picha za mwili wake anahesabu: huku gray ngapi, kibofu kipate kiasi gani, utumbo uepushwe vipi. Kwa kawaida dozi ya kila siku kwa matibabu kama haya huzunguka kwenye gray 2 hivi, tena sehemu ile tu yenye ugonjwa.

Shoga wa Mtaa wa Kongo hakulisikia hilo. Kwake yeye mwale ni mwale. Kumbe kati ya mwale uliomuua Dally na mwale unaomsubiri mama yetu kuna miaka zaidi ya 100 ya watu kupima, kuungua, kuandika, na kupima tena.

Mlango ukafunguliwa. "Mama, karibu ndani."

7

Chumba ni cha baridi. Kuta zake ni nene, ukuta wa nyumba ya kawaida hauoni ndani. Katikati kuna kitanda chembamba, na juu yake mashine kubwa yenye kichwa.

Kwa miaka mingi humu Ocean Road kazi ilifanywa na mashine za kobalti 60, aina iliyoanza kutibu watu Kanada mwaka 1951. Chanzo chake hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5 na ushee, hivyo dakika za kulala chini yake huongezeka. Mwaka 2018 zikaja mashine mpya zinazotengeneza mionzi kwa umeme.

Mama akapanda. Kijana akamnyoosha mpaka alama za wino zikakaa sawa na mistari ya taa nyekundu.

"Mwanangu, itauma?"

"Haiumi, mama. Usijitikise tu. Sisi tuko hapo nje, tunakuona na kukusikia."

Wakatoka. Mlango mzito ukajifunga.

Haya ndiyo yale aliyoyasema shoga. Peke yake, mlango umefungwa, mashine inaanza kuzunguka.

Mama akafumba macho. Akasoma dua aliyofundishwa na bibi yake. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikazunguka, ikanguruma tena.

Akasubiri moto.

Akasubiri.

Mlango ukafunguliwa. "Tayari, mama. Tuonane kesho."

"Tayari nini? Mbona hamjanipiga?"

Alishapigwa. Uzi ulikuwa umeshakatwa ndani ya mamilioni ya seli, naye hakusikia hata mwasho. Zimebaki siku 24, na kama atapona au hatapona, leo sikwambii.

Nitakwambia hili tu, kwa moyo wangu wote. Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu hufika Ocean Road ukiwa umeshasambaa, na hapo kazi ya mwale inakuwa ngumu. Mwanamke anaweza kupimwa mapema, kipimo cha siki ni cha dakika chache. Na binti yako wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV, ya kumkinga na ugonjwa huu; tangu mwaka 2024 ni dozi 1 tu. Mpeleke. Mwambie na jirani.

8

Umeridhika? Unataka kukunja gazeti? Bado.

Hebu hesabu pamoja nami waliolipia elimu hii. Dally, mikono na uhai. Bergonié, mkono na uhai. Becquerel na Pierre, ngozi zao. Majina yao yameandikwa, vidonda vyao vimeandikwa siku kwa siku.

Lakini ile radiamu yenyewe ilitoka wapi?

Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 wakamnunulia Marie Curie radiamu. Rais Harding akamkabidhi Washington. Dola 100,000, gramu 1! Mgunduzi mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuinunua.

Halafu, ghafla, mwaka 1922, Ubelgiji ikaanza kutengeneza radiamu kwa wingi, na bei ikaporomoka. Hospitali za Ulaya zikapata dawa. Wabelgiji waliitoa wapi?

Panda lori linalopakia mzigo Kariakoo. Pita Morogoro, Iringa, Mbeya, vuka Tunduma, katiza Zambia, ingia Kasumbalesa, ipite Lubumbashi. Karibu na mji wa Likasi kuna mahali paitwapo Shinkolobwe.

Mwaka 1915 pale, katika Katanga ya Kongo, koloni la Ubelgiji wakati huo, yalionekana mawe yenye urani nyingi kupita karibu machimbo yote yaliyowahi kujulikana duniani. Na palipo na urani, radiamu imo.

Yalichimbwa na Waafrika. Yalichambuliwa kwa mikono. Na lugha iliyokuwa inaenea kwenye kambi za migodi ya Katanga, lugha ya kuitana na kuonyana, ilikuwa hii unayoisoma.

Mkono wa Pierre uliandikiwa taarifa mpaka siku ya 52. Mikono ile ya Shinkolobwe, nani aliiandikia?

Mama yetu hajui lolote kati ya hayo. Yuko nje, chini ya mwembe, upepo wa bahari unapepea khanga yake, anampigia yule mteja wa Likasi.

"Samahani, mwanangu, nilikuwa hospitali. Ocean Road. Wananipiga mionzi."

Upande wa pili kimya.

"Upo?"

"Nipo, mama. Mionzi... ni ile dawa inayotoka kwenye mawe? Babu yangu alichimba mawe hayo. Shinkolobwe."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Alituachia moja nyumbani, zuri, lina kijani na manjano. Miaka yote lilikaa kabatini, watoto wakilichezea. Sasa kuna mtu hapo Kariakoo kaniambia atanipa pesa nzuri."

Mama akasimama. Akalikumbuka lile neno la kijana mwenye kijibati kifuani: haiumi. "Mwanangu, jiwe hilo liko wapi sasa hivi?"

"Nimeshavuka Tunduma, mama, niko kwenye basi, limejaa watu," akajibu, sauti ikianza kutetemeka. "Wiki ya pili hii nimelibeba mfukoni. Na leo asubuhi, hapa pajani, nimeona wekundu."

Itaendelea Jumamosi ijayo.